Jiko la Miezi Kumi na Mmoja

"Na ule ufa pale?" Waride aliuliza.

Fundi Talib aligeuka, brashi ya chokaa mkononi. "Ufa upi?"

"Huo, chini ya dirisha. Huuoni?"

Talib aliinama, akautazama ukuta kwa makini kama mtu anayesoma barua ya serikali. Akapitisha kidole, akavuta kitu chembamba, akakiinua kwenye mwanga. "Bi Waride, huu ni unywele wa brashi. Umenasa kwenye chokaa."

Uani, juu ya mkeka, jirani yake Zaitun aliangua kicheko hadi ungo wa mchele ukatikisika mapajani. "Fundi, urudishe huo unywele! Ukiumaliza huo naye atakosa la kukuitia. Jiko la miezi kumi na mmoja! Mimba ingekwisha kuzaliwa, ikafanyiwa akika, na sasa ingekuwa inachekea wageni."

"Zaitun, chambua mchele wako," alisema Waride, uso umemwiva.

"Nachambua. Macho yangu yapo kwenye mchele. Masikio yangu nayatuma nitakako."

Zaitun alikuwa na haki ya kusema. Kila siku ambayo fundi alifika katika nyumba ile ya Kibiti, yeye ndiye aliyeitwa aje akae uani. Waride alikuwa mjane wa mwaka wa nne, mtu wa sala na uradi, na hakuwa radhi kukaa peke yake na mwanamume asiye maharimu wake, hata kama kati yao pamesimama karai la saruji. Kwa hiyo Zaitun alichambua mchele, alifuma mikeka, alisuka ukili, na aliona yote. Aliona jinsi Talib alivyokuwa akiomba maji ya kunywa wakati kiu hana. Aliona jinsi Waride alivyokuwa akiipeleka kata mwenyewe, akaisubiri inywewe mpaka tone la mwisho, macho yake yakiwa chini kama anatafuta sindano.

Jiko lenyewe lilianza likiwa kibanda cha fito na udongo, upande mmoja umeliwa na mchwa, bati lina matundu hata mvua za masika zikija Waride alipika huku amejitanda mfuko wa plastiki kichwani. Fundi wa kwanza aliyeitwa alitaka kubomoa lote na kujenga upya, akataja vitu ambavyo mwuza vitumbua wa stendi kama yeye hawezi kuviwaza. Ndipo Zaitun akaleta habari za fundi mmoja aliyehamia Bungu, mtu wa pole pole, asiyependa kubomoa. Waride akasema aje. Hakuuliza jina. Alipofungua mlango wa uani akamwona Talib, mvi zimeanza masikioni, alishika mwimo wa mlango kwa mikono yote miwili.

"Usibomoe lote," Talib alisema siku ile, baada ya kulizunguka jiko mara mbili na baada ya kumaliza salamu ambazo zilikuwa ndefu kuliko kawaida. "Tubomoe upande unaoanguka, huu mzima tuupake. Ukipata saruji niite. Usipopata, udongo upo."

Basi ikawa hivyo. Mwezi mmoja ukuta wa tofali za kuchoma, safu tatu leo, safu mbili wiki ijayo. Mwezi mwingine bati likageuzwa, matundu yakazibwa lami, na kipande kimoja kikawekwa bati jeupe la kupitisha mwanga ili jua liangukie juu ya sufuria. Msimu wa korosho sakafu ikatiwa vigae vya tofali zilizovunjika na saruji nyembamba juu yake. Rafu ya vyombo ikatoka kwenye mbao za kaunta iliyokuwa ikiliwa na vumbi stoo tangu duka la mumewe, marehemu Saadi, lifungwe. Talib aliipiga randa mpaka ikang'aa. Mwisho likaja jiko banifu lenyewe: udongo wa kichuguu uliochekechwa, pumba za mpunga na majivu, vikakandwa kwa miguu, vikalazwa siku tatu chini ya magunia, kisha vikafinyangwa juu ya benchi, na bomba la moshi likapandishwa hadi nje ya paa.

Kila jambo lingeweza kwenda haraka kidogo. Yeye Waride alimwita kwa msumari mmoja. Yeye Talib alisema saruji haijashika, atarudi Jumatano. Hakuna aliyemdanganya mwenzake, maana wote wawili walijua.

Na leo ilikuwa siku ya mwisho. Chokaa imemalizika, na ufa hakuna.

Talib aliuweka ule unywele juu ya dirisha kwa uangalifu, kama kitu cha thamani. Akasema kwa sauti ya chini, "Mjomba Sharifu ameshafika. Yuko kwa kaka yako. Watakuja baada ya alasiri."

"Najua. Kaka Mwinyimvua alinipigia simu."

"Alikwambia alichoniambia mimi?"

"Hapana."

"Alisema, 'Fundi, mimi sina neno nawe. Lakini dada yangu si mwari. Mwari akiulizwa akanyamaza, tunapiga vigelegele twende kwenye pilau. Mjane hujisemea kwa kinywa chake. Nikisikia, kuna ndoa. Nisiposikia, kila mtu arudi kwake.'"

"Ndiyo sheria," alisema Waride. "Tulisomeshwa chuoni."

"Kwa hiyo utasema?"

Waride aliinua macho. Kwa miezi kumi na mmoja alikuwa akimtazama mtu huyu vipande vipande: mkono, kisigino, mgongo uliolowa jasho. Sasa alimtazama usoni, mzima mzima, na akaona kumbe mtu huyu anaogopa.

"Nitasema," alijibu.

"Uliniambia hivyo hivyo juu ya dungu."

Ungo wa Zaitun ulinyamaza.

"Talib, tuyaache ya zamani."

"Nimeyaacha miaka ishirini na minne. Leo naona nikiyaacha tena yatanifuata ndani ya nyumba. Mashamba yetu yalipakana kule Maparoni. Wewe juu ya dungu lenu unafukuza ndege, mimi juu ya letu. Nikapiga kelele, nikakwambia mpunga ukishavunwa mjomba ataleta barua. Ukajibu kwa kelele, nitakubali. Hata ndege walisikia! Mjomba anafika kwenu, anaambiwa umeshaposwa na umeridhia. Siku tatu tu kabla hajafika. Nikasema moyoni, kapata mwenye duka. Nikaenda zangu Kiongoroni kukata mikoko. Sikukulaumu." Akautazama ule unywele pale dirishani. "Hapana, nisiseme uongo mbele ya Mungu. Nilikulaumu sana."

Waride alikaa juu ya kizingiti. Alikuwa hajapata kumwambia mtu neno hili, wala mama yake, wala mumewe aliyeishi naye miaka ishirini. Alianza kulisema bila kujua kama ataweza kulimaliza.

"Shangazi aliingia chumbani akanikuta nasuka nywele. Akasema, 'Posa imekuja. Kijana mwenye adabu zake, mjomba wake ndiye aliyeleta barua. Unasemaje?' Mjomba wake, Talib. Alisema mjomba."

Talib aliiweka brashi chini.

"Wewe uliniambia mjomba ataleta barua. Mimi ningejuaje kwamba Saadi naye amelelewa na mjomba? Nikajifunika kanga usoni, nikanyamaza. Mwari atafanya nini zaidi? Mle ndani ya kanga nilikuwa nacheka. Shangazi akapiga kigelegele, nyumba nzima ikaitikia. Jina nilikuja kulisikia kesho yake, wanawake wanapepeta mchele wanasema, 'Waride ataenda kukaa Kibiti dukani kwa Saadi.' Ungo ulinidondoka. Sasa ningekirudishaje kigelegele? Baba angeuweka wapi uso wake?"

"Kwa hiyo ulinyamaza," Talib alisema pole pole.

"Nilinyamaza nikidhani ni wewe."

Fundi yule, mtu aliyebeba tofali mwaka mzima bila kuguna, alikaa juu ya karai lililopinduliwa akashika kichwa kwa mikono yote miwili.

"Basi Baba alikuwa makosa."

Sauti ile ilitoka mlangoni. Sabra alikuwa amesimama pale, mkoba begani, vumbi la safari ya Ikwiriri limemtanda hadi kwenye nyusi. Alikuwa mtoto pekee wa Waride, ameolewa mwaka jana na kijana Ridhiwani, na mjomba wake Mwinyimvua alikuwa amemwita ili asiisikie habari ya posa kwa watu baki. Alifika kimya, kwa nia ya kumshtua mama yake kwa furaha kama alivyozoea.

"Sabra! Karibu, mwanangu. Umeingia saa ngapi?"

"Nimeingia saa ya kutosha." Hakumwamkia fundi. Macho yake yalizunguka kuta nyeupe, dirisha, benchi, yakatua kwenye rafu. "Na hii? Hii si kaunta ya Baba?"

"Ilikuwa inaliwa na wadudu stoo..."

"Alama ya mizani yake hii hapa. Nimejifunzia kuhesabu juu ya mbao hii, Mama." Akaigusa kwa ncha ya kidole, akageuka, akaenda ndani.

Zaitun aliinamia ungo, akaanza kuchambua upya mchele aliokwisha kuuchambua.

Chumbani Sabra hakulia. Waride angetamani alie, maana mtoto anayelia hukumbatiwa. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, mkoba bado begani, kama abiria.

"Nakuuliza moja tu, Mama. Ulimpenda Baba?"

"Nilimheshimu baba yako. Nilimwuguza mpaka pumzi ya mwisho mikononi mwangu. Hakuna sala nisiyomwombea."

"Sikukuuliza hayo."

"Nilimzoea, Sabra. Alikuwa mtu mwema, nikamzoea. Kisha ukazaliwa wewe, nikamshukuru Mungu kwa kila kitu."

"Kwa kila kitu. Hata kwa makosa." Sabra alitikisa kichwa. "Mama, wewe ndiye uliyenikalisha usiku wa harusi yangu ukaniambia, tazama mimi na baba yako. Nikatazama. Nikaingia kwa Ridhiwani nimeshika hayo. Leo nasikia nyumba yetu yote, na mimi ndani yake, imesimama juu ya neno ulilosikia vibaya."

"Usiseme hivyo, mwanangu."

"Nisemeje? Olewa, ni haki yako, sheria imekupa. Lakini nikimwona yule mtu anakula jikoni mle, karibu na mbao za Baba, nitakuwa nasikia maneno ya leo. Sitaweza kuja. Sisemi kwa hasira. Nakwambia ujue tu."

Mwadhini wa msikiti wa sokoni aliadhini alasiri. Walitia udhu kwenye ndoo moja, wakatandika mswala mmoja mpana, wakasali bega kwa bega kama walivyokuwa wakisali tangu Sabra ana miaka saba. Waride alipogeuza uso kulia kutoa salamu, alimwona mwanawe machozi yanamtiririka hadi kidevuni, midomo inaendelea kusoma. Hapo ndipo alipoanza kushindwa.

Wanaume walikaa sebuleni: Mwinyimvua, kaka mkubwa, kofia yake ya kiua kichwani, na Mzee Sharifu, mjomba wa Talib, mtu mfupi mwenye sauti kubwa. Talib alibaki uani kwa adabu. Wanawake walikaa nyuma ya pazia, Waride katikati, Zaitun huku na Sabra huku.

"Dada Waride," aliita Mwinyimvua.

"Labeka, kaka."

"Unanisikia vizuri?"

"Nakusikia."

"Mzee Sharifu amekuja kwa ajili ya mpwawe, Talib. Anakutaka ndoa ya halali. Kwangu mimi amekuja kwa mlango, na nimeridhika naye. Iliyobaki ni yako. Unasemaje?"

Neno lilikuwa fupi. Nimeridhia. Mtoto anayejifunza kusema angelitamka. Waride alilihisi limefika nyuma ya meno, lina uzito wake kabisa.

"Dada, nimeuliza."

"Kaka," alisema Waride, "mnavyoona ninyi."

"Sisi tumekwisha kuona, ndiyo maana tumekaa hapa. Sasa tunataka kusikia. Si suala la kuona kaka wala mjomba. Waride binti Mwinyimkuu, umeridhia kuolewa na Talib, au hukuridhia?"

Zaitun alimpiga kiwiko cha mbavu, kwa siri, kwa nguvu. Upande wa pili, Waride alihisi kitu kinavuta kanga yake. Hakikuvuta. Kilishika tu. Alitazama chini akaona mkono wa Sabra umekamata ncha ya kanga, vidole vimekunja kitambaa, kama alivyokuwa akishika zamani wanapovuka barabara kubwa na malori yanapita. Huenda binti mwenyewe hakujua kuwa ameshika. Waride alifumbua mdomo. Akaufumba.

Kimya kikaingia nyumbani mle. Ilikuwa ni kimya kile kile, kirefu kile kile. Mwaka ule kilimwoza kwa mtu asiyemtaka. Leo kilimnyima yule aliyemtaka.

Mwinyimvua aliuliza mara ya tatu, kwa sauti ya huruma. Halafu hakuuliza tena.

Mzee Sharifu ndiye aliyevunja kimya. "Mwaka ule nilichelewa siku tatu," alisema. "Leo nimewahi, nimekuta kimya. Haya. Mungu ana lake. Tumesikia, tunashukuru kwa maji na kwa heshima." Fimbo yake ikagonga sakafu, akaondoka.

"Mwenzangu," Zaitun alimnong'oneza sikioni, "una ulimi wa kunikemea mimi kutwa nzima, leo umeupeleka wapi?"

Waride alitoka uani. Talib alikuwa ameshaosha mwiko na karai, anafunga brashi kwenye kipande cha gunia. Alikuwa amesikia. Katika nyumba ile, uani na sebuleni ni kama chumba kimoja.

"Fundi," aliita.

"Usiliwashe mwezi mzima," Talib alisema bila kugeuka. "Udongo ule ukikaushwa kwa moto unapasuka. Liache likaukie kivulini. Kila asubuhi lipapase kwa mkono wenye maji. Siku mkono hautasikia ubaridi, siku hiyo limeiva. Anza na vijiti vidogo."

"Talib. Nataka uelewe."

"Nimeelewa. Ni mwanao. Ana haki yake." Sasa aligeuka. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Waride zaidi. "Nilisema moyoni, Mungu akinipa kuujua ukweli wa mwaka ule nitapumzika. Amenipa leo. Lakini, Waride, mara ile ulinyamaza ukidhani ni mimi. Leo ulijua ni mimi."

Talib aliinua mfuko wake wa vifaa, akauweka begani, akasema, "Mungu akulinde," akaelekea mlango wa uani. Toka jikoni hadi mlangoni ni hatua kumi na tano. Waride alizihesabu zote. Katika kila hatua neno lilikuwa bado lina nafasi. Angeweza kulisema mgongoni mwake, hata kwa kunong'ona, na mtu yule angesimama. Mlango ulifungwa taratibu, kwa ule uangalifu wake wa kila kitu.

Mwezi ulikwenda kwa kupapasa. Kila alfajiri, baada ya sala na kabla ya kukaanga vitumbua kwenye mafiga nje, Waride alilowesha kiganja akaliwekea jiko mkono. Lilikuwa baridi. Kesho yake baridi. Akasema, nitampigia Ijumaa. Ijumaa akasema, nitampigia mwezi ukiandama. Namba ilikuwemo kwenye simu, imeandikwa Fundi tu, na mara mbili aliibonyeza akakata kabla haijaita. Alijiambia anangoja Sabra apoe. Alijiambia anangoja Mwinyimvua amfungulie mazungumzo. Zaitun akamwambia usoni, "Unangoja shangazi aje akuulize chumbani? Shangazi alishakufa, Mungu amrehemu," na Waride akamnunia siku mbili, kwa sababu ni kweli.

Siku ya thelathini na mbili mkono haukusikia ubaridi.

Asubuhi hiyo hiyo, stendi, Mzee Sharifu alisimama mbele ya beseni lake la vitumbua.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, binti. Nipe vinne. Hali yako?"

"Alhamdulillahi. Na huko?" Alivifunga vitumbua kwenye gazeti, akakaza moyo. Leo atauliza. Leo atasema hata kama ni hapa mbele ya makondakta. "Na fundi, mjomba? Hajambo?"

"Talib? Ah, karudi Kiongoroni. Tulimwoza Ijumaa iliyopita. Mjane wa huko huko, Maryam, mtu mzuri, mlimaji. Na hodari wa kusema! Kaka yake hajamaliza kuuliza, yeye keshajibu!" Mzee alianza kucheka kwa ile sauti yake kubwa. Kisha akakumbuka anacheka na nani. Alitazama beseni. "Nipe na viwili vya njiani," alisema.

Waride alimpa vitatu.

Alirudi nyumbani mapema. Aliwasha jiko kwa vijiti vidogo kama alivyoagizwa. Moto ulishika mara moja, moshi ukapanda bombani na kutoka, sufuria ikakaa juu ya mdomo wa jiko bila kuyumba. Mwanga wa lile bati jeupe uliangukia juu ya mchele unaotokota. Katika jiko lote hapakuwa na kitu kimoja cha kumwitia fundi.

Simu ililia. Sabra.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Mama, nina neno, usinikatize nitashindwa. Ridhiwani kanikalisha kitako jana. Kaniambia, mama yako ana miaka arobaini na miwili, unataka akae na mbao za kaunta mpaka afe? Nimelia kutwa. Mama, mwite. Mwambie Mjomba Mwinyimvua awarudie wale watu, wakuulize tena. Nitakuja, nitapika mwenyewe, humo humo jikoni. Nimekosa, Mama."

Waride alishika ukingo wa benchi. Lilikuwa na joto sasa.

"Mama? Upo?"

"Nipo."

"Mbona hunijibu? Niambie kweli. Siku ile, kama mimi nisingekuwepo pale, ungesema ndiyo?"

Kimya kilianza kuingia, na Waride alikitambua kinavyoingia. Alijua binti yake atakisomaje. Atakisoma kuwa ndiyo, na atakibeba hadi siku ya kuzikwa: mimi ndiye niliyemzuia mama yangu. Alijua pia kwamba huko Kiongoroni kuna mwanamke ameshajibu, na hakuna posa ya kurudiwa.

"Hapana, mwanangu," alisema. "Sikumtaka."

"Kweli, Mama? Na yale niliyosikia?"

"Yale yalikuwa mambo ya utoto, ya juu ya dungu. Nimeulizwa mara tatu mbele ya watu, kama ningemtaka ningesema. Mimi ni mjane, hakuna aliyenifunga mdomo. Sikumtaka."

Alilisema kwa kinywa chake, wazi, bila kumumunya, likafika Ikwiriri zima zima. Moyoni akamwomba Mungu amsamehe uongo ule. Upande wa pili alimsikia Sabra akishusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani.

"Alhamdulillahi, Mama," alisema Sabra. "Alhamdulillahi."